Unavyojiona na Wanavyokuona: Yapi Kweli, Yapi Uongo?

Kisogo chako hujawahi kukiona kwa macho yako mwenyewe. Kinyozi wako anakijua. Abiria anayekaa kiti cha nyuma yako kwenye daladala anakijua. Mama yako alikiosha kila siku ulipokuwa mchanga, na kama kina kovu, yeye ndiye anayekumbuka ulianguka wapi. Wewe mwenye kisogo unangoja kinyozi amalize kazi, achukue kioo kidogo, akishike nyuma ya kichwa chako, nawe utazame kioo kikubwa cha mbele ili uone kilichomo ndani ya kile kidogo. Unaitikia kwa kichwa, "Safi," kisha unalipa na kuondoka.

Ikiwa kisogo kina shida hiyo, seuze tabia. Ndiyo maana kuhusu tunavyojiona na tunavyoonwa watu wana mengi ya kusema, na bila shaka umeyasikia: nyumbani, kijiweni, kwenye vikao vya harusi, hata katika semina za kazini. Baadhi yana ukweli uliothibitika. Mengine yanawanyima watu usingizi bure, na hayo ndiyo yaliyonifanya nikae niandike. Tuyapitie. Kila dai litapata hukumu yake kwanza, sababu zitafuata.

"Nikiharibu kidogo tu, kila mtu ananiona"

UONGO.

Hali hii unaijua. Umefika kazini asubuhi, ukagundua doa la chai kwenye shati jeupe, chini kidogo ya mfuko. Siku nzima mkono haubanduki kifuani. Ukiongea na mtu, unahisi macho yake yameshuka palepale. Mchana hutaki hata kwenda kula na wenzako.

Mwaka 2000, Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya juu ya hofu hiyo. Walimvisha mwanafunzi fulana yenye picha kubwa ya Barry Manilow, mwimbaji ambaye vijana wa chuo wa wakati ule waliona haya kujitangaza kuwa wapenzi wake. Wakamwingiza, kwa kumchelewesha makusudi, katika chumba ambamo wenzake walikuwa wameshakaa wanajaza dodoso. Baada ya muda mfupi wakamtoa nje na kumuuliza: ni wangapi mle ndani wanaweza kumtaja aliye kwenye fulana yako? Kwa wastani wavaaji walikadiria karibu nusu. Waliokuwa chumbani walipoulizwa, walioweza kumtaja hawakufika robo.

Jaribio lililofuata ndilo lililonishangaza zaidi. Safari hii aibu iliondolewa. Wavaaji walipewa fulana za watu ambao wangependa kuonekana nao, Bob Marley akiwamo. Wakakadiria tena karibu nusu. Waliomtambua kweli mtu wa kwenye fulana walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi! Kumbe si aibu peke yake inayotudanganya. Hata lile shati jipya ulilolitafuta Kariakoo nzima ukiamini litazungumzwa, wengi hawakuliona.

Sababu yake haina ugumu. Doa lako liko mbele ya macho yako tangu asubuhi, kwa hiyo unaona kama liko mbele ya macho ya kila mtu. Mwenzako naye ana yake: kodi ya nyumba inayoisha mwezi huu, mtoto aliyekohoa usiku kucha, viatu vyake mwenyewe vilivyoanza kuachama. Ni kweli robo si sufuri, na atakuwapo mmoja atakayeliona doa. Lakini nenda kale chakula chako cha mchana.

"Ile sauti kwenye simu si yangu, simu imeiharibu"

UONGO. Ni yako, na ndiyo tuliyoizoea sisi wengine.

Nimewaona watu wengi wakirekodi ujumbe wa sauti kwa ajili ya kikundi cha familia, wakausikiliza, wakakunja uso, wakaufuta na kuanza kuandika. Simu haina kosa. Unapozungumza, sauti yako hukufikia kwa njia mbili kwa pamoja: inatoka mdomoni na kupita hewani hadi masikioni, na pia inapita ndani kwa ndani kwenye mifupa ya fuvu. Mifupa huongeza uzito wa sauti, kwa hiyo maisha yako yote umejisikia una sauti nene kuliko ile inayowafikia watu. Rekodi hubeba ya hewani tu. Ukitaka kuthibitisha, ziba masikio yote mawili kwa vidole, kisha taja jina lako. Huo mvumo mzito unaousikia kichwani ndio unaokosekana kwenye simu.

Na iko habari njema. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watu walisikilizishwa sauti nyingi wazipime kwa mvuto, na sauti zao wenyewe zikachanganywa humo bila wao kuambiwa. Walizipa sauti zao alama nyingi kuliko walizopewa na wasikilizaji wengine. Usipojua kwamba ni yako, unaipenda. Tuma ujumbe huo, shangazi anausubiri.

"Kioo hakidanganyi"

UONGO. Kioo hukugeuza, na simu hukukuza pua.

Sura unayoiona kila asubuhi unapopiga mswaki imebadilishwa upande: kulia kumekuwa kushoto. Kwa kuwa uso wa binadamu haulingani pande zote, jicho moja limepanda kidogo, tabasamu limeelemea upande mmoja, unayemzoea wewe si yule tunayemzoea sisi. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walipiga picha za wanafunzi wa kike, wakaandaa nakala mbili: moja ya kawaida na nyingine iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Wenye picha kwa wingi walipenda iliyogeuzwa. Rafiki zao kwa wingi walipenda ya kawaida. Kila upande ulichagua sura uliyoizoea. Basi ukiona picha yako ya kitambulisho ukasema "mbona nimekaa vibaya," ujue jirani yako anaitazama picha hiyohiyo na haoni kasoro yoyote.

Selfi nayo ina lake. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2018 na daktari wa upasuaji Boris Paskhover na wenzake zilionyesha kuwa picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kwa umbali wa mita moja na nusu. Kilicho karibu na lenzi hukua, kilicho mbali husinyaa. Paskhover aliufanya utafiti huo baada ya kuona wagonjwa wakimletea selfi kama ushahidi kwamba pua zao zinahitaji kisu. Kabla hujaichukia pua yako, mpe mtu simu, arudi nyuma hatua tatu.

"Nikisimama mbele za watu wanaona ninavyotetemeka"

UONGO kwa sehemu kubwa.

Kwenye harusi ya binamu yangu nilipewa kusoma risala ya familia. Karatasi nilikuwa nimeikunja mara nne mfukoni, na jasho la kiganja lilikuwa limefifisha wino kwenye mikunjo, hivi kwamba jina la ukoo wa bibi harusi lilisomeka nusu. Maikrofoni niliishika kwa mikono miwili. Moyo ulidunda hadi nikawa naamini spika zinautoa nje. Niliporudi kukaa, shangazi yangu aliyekuwa meza ya mbele aliniambia, "Mwanangu, umesoma kwa utulivu kweli." Nilichukulia kuwa ananipoza. Wiki chache baadaye tukakaa nyumbani kutazama video. Aliyesimama pale alikuwa mtu mtulivu. Ncha ya karatasi ilitikisika kidogo, na mara moja nilirudia mstari. Mengine yote yalikuwa ndani yangu, na kamera haikuyaona.

Kenneth Savitsky na Gilovich walilipima jambo hili mwaka 2003. Wanafunzi walipewa dakika chache za kujiandaa kisha wakatoa hotuba fupi mbele ya kamera. Wengine hawakuambiwa kitu. Wengine waliambiwa wasiwe na wasiwasi. Kundi la tatu lilielezwa jambo hasa lenyewe: kwamba msemaji hudhani woga wake unaonekana wazi, kumbe wasikilizaji huona kidogo sana. Kundi hilo la tatu ndilo lililozungumza vizuri zaidi, kwa maoni yao wenyewe na ya waliowatazama. Wale walioambiwa tu "usijali" hawakufaidika.

Ninawasihi walimu na wazazi walizingatie hili. Mtoto anayetetemeka kabla ya kughani shairi shuleni hasaidiwi na "usiogope." Mwambie ukweli: "Unavyohisi ndani, sisi hatukuoni hivyo."

"Dirisha la Johari limetokana na Kiswahili"

UONGO.

Kama umewahi kuhudhuria semina ya uongozi umemwona mwezeshaji akichora mraba wenye vyumba vinne kwenye bango kitita. Chumba cha kwanza ni mambo yako unayoyajua na wenzako wanayajua. Cha pili, wenzako wanayajua ila wewe huyajui. Cha tatu, unayajua wewe peke yako. Cha nne, hakuna anayeyajua bado. Kwa vile kwetu johari ni kito cha thamani, na kuna wanawake wengi wenye jina hilo, wasikilizaji hudhani mchoro huo umetoka pwani. Hapana. Uliandaliwa mwaka 1955 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, nao wakauita kwa kuunganisha majina yao ya mkato, Joe na Harry. Johari yetu ilikuja kwa Kiarabu, na Waarabu waliitoa kwa Waajemi. Maneno hayo mawili yamekutana njiani tu, hayana undugu.

Mchoro wenyewe una manufaa. Chumba cha pili ndicho kinachotupeleka kwenye dai kubwa kuliko yote.

"Hakuna anayenijua kuliko ninavyojijua mwenyewe"

NUSU KWELI, na ni muhimu kujua ni nusu ipi.

Mwanasaikolojia Simine Vazire alichapisha mwaka 2010 utafiti uliolitenganisha dai hili vizuri. Aliwataka watu wajieleze tabia zao. Akawataka rafiki zao wawaeleze. Akawataka pia watu waliokutana nao siku hiyo tu wawaeleze. Kisha akawapitisha wahusika katika vipimo halisi: mtihani wa akili, kazi ya ubunifu, majadiliano ya kikundi na hali ya kutia wasiwasi. Nani alibashiri vyema?

Kwenye wasiwasi na kujiamini, mwenyewe alijijua kuliko wote. Kwenye akili na ubunifu, rafiki walimjua kuliko alivyojijua. Kwenye uchangamfu na uongeaji, kila mtu alipatia, hata wageni.

Ukitafakari utaona mantiki yake. Hofu inakaa ndani, kwa hiyo mwenyeji wake ndiye shahidi. Uongeaji unasikika hadi kwa jirani, hauhitaji shahidi maalumu. Akili ni jambo jingine kabisa: kila mtu anatamani awe nayo, na mtu hawezi kujipima kwa haki kwenye jambo analolitamani mno. Rafiki hana cha kupoteza, kwa hiyo anaona sawasawa.

Na hapa wahenga wapewe haki yao. "Nyani haoni kundule" ni methali tunayoitumia kumziba mdomo anayetusema, lakini isikilize kwa makini. Nyani haoni kwa sababu ya mahali kundu lilipo. Si ukaidi wala ujinga, ni umbo lake. Nyani wenzake wote wanaliona. "Kinyozi hajinyoi" inasema jambo hilohilo kwa upole zaidi, na "mganga hajigangi" inaliongezea uzito: hata fundi, na ufundi wake wote, kuna mahali mkono wake haufiki. Hukumu kwa methali zote tatu ni KWELI. Ukitaka kujua kama biashara unayoiwazia ina akili, kama sura ya kitabu uliyoandika ina ladha, kama unaongoza kikao vizuri, muulize anayekuona ukifanya.

Lakini nusu ya pili nayo ishikwe kwa nguvu ileile. Mambo ya ndani, mwenyewe ndiye ajuaye. Mara ngapi tumemsikia mtu akisema amechoka na maisha, tukamjibu, "Wewe? Mbona unacheka kila siku?" Kicheko kinaonekana, uchungu hauonekani. Mwenzako akikuambia ana huzuni, yeye ana ushahidi ambao wewe huna. Mwamini. Kaa naye. Usibishane naye juu ya kilichomo ndani ya kifua chake.

Kuna jambo moja zaidi. Mwaka 1993 David Kenny na Bella DePaulo walikusanya tafiti kadhaa kujua kama watu wanafahamu wanavyoonwa. Walikuta kwamba tunafahamu kwa kiasi kizuri sifa yetu kwa jumla, jina letu mtaani kama tungesema sisi. Tunachoshindwa ni kujua fulani anatuonaje tofauti na fulani mwingine. Tunadhani wote wanatuona namna moja, ile tunayojiona sisi. Kwa hiyo unaposema, "Yule mkwe wangu ananidharau, najua tu," simama kidogo. Umemuuliza, au umekisia kwa kujitazama mwenyewe?

"Debe tupu haliachi kuvuma"

KWELI, ila lisirushwe ovyo.

Justin Kruger na David Dunning wa Cornell waliwapa wanafunzi mitihani ya mantiki, sarufi na kutambua vichekesho vizuri, kisha wakawauliza wamefanya vizuri kiasi gani kulinganisha na wenzao. Matokeo yalitoka mwaka 1999. Robo ya waliofanya vibaya kabisa, ambao kwa wastani waliwashinda wenzao 12 tu kati ya 100, walidhani wamewashinda 62. Waliofanya vizuri kabisa walijipunguzia. Maelezo yao ni kwamba maarifa unayoyahitaji ili ufanye kazi vizuri ndiyo hayohayo unayoyahitaji ili ujue kwamba umeifanya vibaya. Asiyejua sarufi hataliona kosa lake la sarufi.

Tahadhari yangu ni hii. Wataalamu wa takwimu wamepinga wakionyesha kwamba sehemu ya matokeo hayo hutokea kihesabu tu, kwa sababu aliye chini kabisa hana pengine pa kukosea isipokuwa kwenda juu. Na kujipandisha si ugonjwa wa wajinga peke yao. Mwaka 1981 Ola Svenson aliwauliza wanafunzi wa Marekani na Sweden wajilinganishe na madereva wenzao katika kikundi. Asilimia 93 ya Wamarekani walijiweka katika nusu ya wenye ustadi zaidi. Kwa Waswidi ilikuwa asilimia 69. Nusu haiwezi kubeba watu 93 kati ya 100. Nenda kituo chochote cha bodaboda uulize nani anaendesha vibaya, na kila mmoja atakutajia mwingine. Hilo ni suala la uhai, kwa sababu anayejiona fundi kuliko wengine haoni sababu ya kufunga kofia.

"Asiyekutazama machoni anadanganya"

UONGO, na ni uongo unaoumiza watu.

Imani hii iko duniani kote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikusanya majibu kutoka nchi 58, na dalili ya mwongo iliyotajwa kuliko zote ilikuwa kukwepesha macho. Mwaka huohuo Charles Bond na DePaulo walijumlisha tafiti nyingi za watu wanaojaribu kumtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza. Walipatia mara 54 katika 100. Ukirusha shilingi hewani utapatia 50.

Kwetu dai hili lina ubaya wa ziada. Mtoto wa Kiswahili anayekemewa na babu yake huinamisha macho kwa sababu amefundishwa hivyo, na akiyakaza ataambiwa hana adabu. Akikua akaenda kwenye usaili wa kazi mbele ya mtu aliyesoma kwamba macho yanayokwepa ni ya mwongo, heshima yake inahesabiwa kuwa hila. Kama unasaili watu, kama unafundisha, kama unaandika maelezo ya mashahidi, tafadhali iache imani hii leo. Sikiliza mtu anachosema, na kifuatilie kama kina ushahidi.

"Mwafrika hujiona kwa macho ya jamii, Mzungu hujiona peke yake"

UONGO ukisemwa kwa wote kwa pamoja.

Kuna kipimo cha tangu mwaka 1954 ambacho hata wewe unaweza kukifanya jioni hii. Unachukua karatasi na kujibu swali "Mimi ni nani?" mara ishirini. Wengine huandika sifa zao: mimi ni mpole, mimi ni mbishi. Wengine huandika nafasi zao kwa watu: mimi ni mtoto wa fulani, mimi ni mke wa mtu, mimi ni wa ukoo huu. Mwaka 1997 watafiti Vaunne Ma na Thomas Schoeneman walilinganisha majibu ya wanafunzi wa Marekani na ya Wakenya wa makundi mbalimbali. Wamaasai na Wasamburu walijieleza zaidi kwa nafasi zao katika jamii. Wafanyakazi wa Nairobi walikuwa katikati. Wanafunzi wa chuo kikuu Nairobi walikaribiana mno na wale wa Marekani. Wamaasai, Wasamburu, wafanyakazi na wanafunzi hao wa Nairobi wote ni Wakenya. Shule na mji vimefanya kazi ambayo rangi ya ngozi haikuifanya.

Hata hivyo kuna mzizi wa kweli. Sisi humwita mwanamke Mama Neema, na wapo wanaoishi naye mtaa mmoja miaka kumi bila kujua jina alilopewa na wazazi wake. Mtu akiitwa hivyo kila siku, haishangazi akijieleza kwa mwanawe kabla ya kujieleza kwa upole wake.

Wageni wanaotupima nao hupotea wasipojua adabu zetu. Kipimo maarufu cha kujitambua ni kumbandika mtoto alama usoni kwa siri na kumweka mbele ya kioo. Akiishika alama iliyo usoni pake, anahesabiwa kuwa amejitambua, na watoto wengi wa nchi za Magharibi hufanya hivyo wakiwa na miezi kati ya 18 na 24. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watoto 82 wa Kenya walipimwa, wengine wakikaribia miaka sita, na ni wawili tu walioigusa. Wengi waliganda wakijitazama. Watafiti hawakusema kwamba watoto hao hawajijui. Kilichoshindwa ni kipimo, na mtu yeyote aliyelelewa kijijini anamwelewa mtoto anayesimama kimya mbele ya mgeni mkubwa, akingoja kuambiwa afanye nini.

"Nimeongea naye, lakini sidhani kama alinipenda"

UONGO, mara nyingi sana.

Hili nimeliweka mwisho kwa sababu linawagharimu watu urafiki. Mwaka 2018 Erica Boothby, Gus Cooney na wenzao walichapisha majaribio ambamo watu wawili wasiofahamiana waliketi wakazungumza dakika chache. Baadaye kila mmoja aliulizwa peke yake: umempenda mwenzako kiasi gani, na unadhani yeye amekupenda kiasi gani? Watu walipendwa kuliko walivyodhani. Haikuwa kwa mazungumzo mafupi peke yake. Wanafunzi wanaoishi pamoja bwenini walifuatiliwa, na pengo hilo lilidumu kwa muda mrefu wa mwaka wa masomo kabla ya kuzibika.

Sababu ni kwamba baada ya mazungumzo kila mmoja hurudi nyumbani na makosa yake. Wewe unakumbuka utani wako ambao haukuchekesha, ulivyomkatiza, ulivyosahau jina la mwanawe. Yeye hayakumbuki hayo, kwa maana ameshughulika na utani wake mwenyewe. Kilichobaki kwake juu yako ni kwamba ulikuwa mtu mwema na alifurahi kuketi nawe.

Na sasa ligeuze. Yule mgeni uliyempenda kwenye arusi ya mwezi uliopita, yule jirani mpya mliyeongea naye dukani, yule mwenzako wa kazini anayekula peke yake: hajui kwamba umempenda. Yuko kwake anahesabu makosa. Namba yake unayo. Mpigie leo umwambie ulifurahi kuongea naye.